Fildi kwenye mabembea: "Baba anasema huo si uhandisi"

BARUA

Kwako Mshauri wa Mafundi,

Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma stashahada ya uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Fildi ya mwaka huu nimeitafuta mpaka soli za viatu zimeisha. Karakana zimejaa, viwanda vinasema njoo mwezi ujao. Mwisho nimekubaliwa kwenye uwanja wa mabembea hapa hapa Tabora, wiki nane, naanza Jumatatu.

Uwanja si mkubwa. Kuna gurudumu kubwa la viti 12, bembea za minyororo zinazozunguka, treni ya watoto, magari ya kugongana ya betri, na kasri la hewa la kurukia. Mashine zote zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika. Wanafungua Ijumaa hadi Jumapili na siku za sikukuu. Siku nyingine ni za matengenezo. Fundi ni mmoja na msaidizi wake.

Nina mambo manne. Kwanza, baba yangu ni fundi mstaafu wa mabehewa ya reli, na nilipomwambia alicheka: "Miaka miwili chuoni, unakwenda kubembeza watoto?" Pili, nimesoma nadharia, lakini sijawahi kugusa mashine inayobeba watu, sijui hata asubuhi ya kwanza naanzia wapi. Tatu, siku nilipopeleka barua ya chuo niliona pini ya kiti kimoja cha gurudumu imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Nikanyamaza. Kama si sawa, mwanafunzi anamwambiaje fundi aliyemkuta kazini? Nne, wameshaniambia kwamba siku zenye watu wengi nitasimama getini. Nikatae? Halafu navaa hijabu, sijui kama itanisumbua kwenye mashine.

Mwanafunzi, Isevya, Tabora

JIBU

Marahaba, binti. Tuanze na huo waya, mengine yatangoja.

Si sawa. Waya wa kufungia nondo ni chuma kilicholainishwa makusudi ili kipindike kwa mkono, na ulaini huo unaoufaa kwenye nondo ndio unaouponza kwenye gurudumu. Pini ya kiti ndiyo inayobeba uzito wa kiti na abiria. Kile kidude kinachopita kwenye tundu la ncha yake, yaani kota pini au klipu, hakibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia pini isitembee ikachomoka. Gurudumu linapozunguka, kiti kinataka kubaki wima, kwa hiyo pini inasuguana na tundu lake kila mzunguko na kujaribu kugeuka nalo. Waya unapindwa huku na kurudishwa kule siku nzima, na chuma laini kikipindwa hivyo hukatika kimya kimya. Ukishakatika, pini hutambaa kidogo kidogo, na hakuna anayesikia kitu.

Panapotakiwa kota pini, pima tundu kwa vernia (kipimo cha chuma chenye taya, cha kupimia unene na vipenyo). Tundu la milimita 5 linachukua kota pini ya namba 5. Yenyewe ukiipima utaikuta nyembamba kidogo, ndivyo inavyotengenezwa. Ikishaingia, miguu yake miwili hufunguliwa kila mmoja upande wake. Ikitolewa hutupwa, hairudishwi, kwa sababu mguu uliopindwa, ukanyooshwa, ukapindwa tena umeshaanza kuchoka. Zinunuliwe dazeni nzima ziwekwe kwenye kopo lenye lebo. Waya wa namna hiyo kwa kawaida haufungwi na mtu mbaya. Hufungwa na mtu ambaye kota pini imemkatikia Jumamosi saa kumi jioni, foleni imefika barabarani, na dukani pamefungwa.

Mkiifungua, usiache nafasi ipite. Kiti kikiwa kimeegemezwa chini na gurudumu limefungwa lisigeuke, chomoa pini yenyewe uipime. Pima kipenyo mahali pasiposuguana, kisha pima pale inapobeba, pande mbili zinazopishana kama msalaba. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo ulaji, yaani kiasi cha chuma kilicholika. Kitabu cha mashine kitasema kikomo ni kipi. Kama kitabu hakipo, hilo nalo ni jambo la kuripoti, maana mashine iliyonunuliwa mkononi bila kitabu chake haina mtu anayejua bolti zake zikazwe kiasi gani.

Kusema kwenyewe: nenda Jumatatu asubuhi kabla umeme haujawashwa, msaidizi na muuza tiketi wasiwepo. Usianze na kosa, anza na swali la mwanafunzi: "Fundi, kiti namba fulani pini yake imefungwa waya, vingine vina kota pini. Naomba tuipime tubadilishe, niandike kwenye daftari langu la chuo." Mafundi wengi hapo watasema ehe, nilikuwa nimeisahau, na mtaimaliza kwa nusu saa. Akikujibu kwamba imekaa hivyo mwaka mzima, mwambie unaomba tu kuipima. Akikataa, na gurudumu linafunguliwa Ijumaa, mpelekee meneja maandishi siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya kiti, ulichokiona, na picha. Baki na nakala. Mjulishe pia mwalimu wa chuo anayesimamia fildi yako. Mambo haya yako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndio wanaoisimamia. Kwao ndiko unakopeleka ukishasikilizwa na kila mtu bila kitu kufanyika. Wakati wote huo usiweke saini yako kwenye karatasi ya ukaguzi wa gurudumu hilo. Saini ya mwanafunzi nayo husomwa.

Kuhusu baba. Gurudumu kubwa la kwanza la aina hii lilisimamishwa Chicago mwaka 1893 kwa ajili ya maonyesho ya dunia. Lilikuwa na kimo cha karibu mita 80 na vibanda 36, kila kimoja kikichukua hadi watu 60. Aliyelibuni, George Washington Gale Ferris, hakuwa mtu wa michezo. Kampuni yake ya Pittsburgh ilikuwa inapima na kukagua vyuma vya reli na madaraja. Mwambie mzee hivyo, halafu mwombe akueleze mkaguzi wa mabehewa alikuwa anasikiliza nini alipogonga gurudumu kwa nyundo, na kwa nini dereva hakuruhusiwa kuingia sehemu ya njia ambayo treni nyingine bado imo. Treni za kasi za kujiburudisha kwenye bustani kubwa za michezo za ng'ambo zinaendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo: njia hukatwa vipande, kila kipande treni moja tu, na breki ya kipande cha nyuma haifunguki mpaka cha mbele kiwe kitupu. Mji wenu ni wa reli tangu 1912, na mwalimu unaye nyumbani.

Sasa asubuhi yenyewe. Fika mapema, kabla ya geti kufunguliwa. Beba tochi, kioo kidogo chenye mpini, vernia, kitambaa, kalamu ya rangi ya kuandikia chuma, na daftari. Zunguka mashine kwa mpangilio uleule kila siku, kutoka chini kwenda juu, ili macho yazoee na kilichobadilika kikurukie chenyewe.

Kwenye msingi na nguzo, tazama bolti kwanza. Uwanja unaojiheshimu huchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati, washa (ile pete bapa iliyo chini ya nati) na chuma kilichofungwa. Mstari ukikatika, nati imegeuka. Usiikaze tu na kuchora mstari mpya. Uliza kwa nini imelegea. Mara nyingi kuna rangi nene iliyopakwa kati ya vyuma viwili na sasa imesagika, au nati yenye pete ya nailoni imetumika mara ya tatu na pete haishiki tena, au mtu aliikaza kwa kuungia bomba kwenye spana mpaka bolti ikavutika na kupoteza mkazo wake. Kichwani mwa bolti kuna namba kama 8.8. Nane ya kwanza inamaanisha chuma hukatika kwa takribani MPa 800 (MPa ni kipimo cha nguvu kwa eneo), na nane ya pili kwamba huanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani MPa 640. Bolti ya M16, yaani ya unene wa milimita 16, ya daraja hilo kwa kawaida hukazwa kwa takribani Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), lakini kitabu cha mashine kikisema vingine, fuata kitabu. Tumia spana ya kupimia mkazo. "Nimeikaza mpaka ikagoma" si kipimo.

Kwenye weldi, tafuta mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka ukingoni mwa weldi, au rangi iliyopasuka kama unywele. Nyufa za uchovu wa chuma hupenda kuanzia hapo, pale weldi inapokutana na chuma cha mama, yaani kile kilichoungwa, kwa kuwa ndipo mkazo unapokusanyika. Ukishuku, mashine haifunguki mpaka ipimwe. Kipimo rahisi ni cha dawa nyekundu: toa rangi na safisha mpaka chuma kiwe kikavu, pulizia dawa nyekundu, acha kama dakika 10 hadi 20 kulingana na maandishi ya kopo, futa kwa kitambaa (kiyeyushio kiwe kwenye kitambaa, usikipulizie kwenye chuma, utaiosha dawa iliyoingia ufani), kisha pulizia unga mweupe. Ufa utajichora kwa mstari mwekundu. Omba uione ikifanywa na aliyefunzwa. Kusema "hakuna ufa" si kazi ya wiki ya kwanza.

Minyororo ya bembea inakula ndani, pale pete zinapogusana, mahali usipopaona ukiutazama ukiwa umenyooka. Ulegeze, sukuma pete pembeni, pima. Kwa desturi ya minyororo ya kunyanyulia, pete iliyopungua asilimia 10 hutolewa kazini: ya milimita 8 ikifika 7.2, mwisho wake umefika, na mnyororo wa bembea usiusubiri zaidi ya hapo. Kisha jaribu kila kiti kwa mkono. Funga kizuizi, kivute juu kwa nguvu, sikiliza meno yakishika. Viti vyote, si vitatu vya mbele.

Mwisho zungusha mashine tupu, mizunguko kadhaa, na ujaribu kitufe chekundu cha kusimamisha, kila siku, kila kitufe. Ikisimama mbali kuliko jana, breki inakuambia kitu. Chora alama mbili chini upime umbali huo kila siku.

Kuna hesabu moja tunataka uipige siku ya kwanza. Watu wazima wawili wa kilo 70 kila mmoja wakikaa kiti kimoja, na kutoka ekseli mpaka kitini ni mita 6: 140 × 9.81 × 6, takribani Nm 8,240, zote zikivuta upande mmoja. Mota inayachukua hayo, breki nayo inayachukua. Ndiyo maana gurudumu halijazwi kwa kufuatana kama daladala. Kwa viti 12, jaza cha 1, kisha cha 7 kinachotazamana nacho, kisha cha 4, kisha cha 10, na kuendelea hivyo. Kushusha ni vivyo hivyo. Siku ya Idi, foleni ikipiga kelele, hapo ndipo mwendeshaji anaposahau.

Hesabu hiyo ndiyo pia sababu ya kutoingiza mkono kwenye gurudumu ati kwa kuwa swichi imezimwa. Kiti kimoja kikiwa na mzigo, breki ikiachia, linageuka lenyewe bila umeme. Utaratibu ni huu: mjulishe mwendeshaji, simamisha, zima swichi kuu ya mashine, tia kufuli lako na lebo yenye jina lako, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe, funga gurudumu kwa pini au mnyororo wake wa matengenezo, bonyeza kuwasha uone haliwaki. Kabla ya kugusa nyaya, jaribu multimeta (kipima umeme) kwenye umeme unaojua upo, pima mahali unapotaka kugusa, kisha rudi upime tena pale penye umeme, ili ujue kwamba sifuri uliyoiona haikutokana na multimeta iliyokufa. Kuchomoa fyuzi na kuitia mfukoni hakutoshi. Wema wapo wengi, atakuja mmoja atie nyingine. Na kupanda juu: mkanda wa mwili mzima uliofungwa mahali imara, mtu chini anayekutazama, simu imeachwa chini.

Umeme ukikatika na jenereta kuwashwa, kuna mtego. Mashine za fezi tatu, yaani zenye nyaya tatu za umeme zinazopokezana, hugeuka kinyume kama fezi mbili zimepishana kwenye swichi ya kubadilishia. Feni ya jenereta inalia, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana sawa, na mota inarudi nyuma. Baada ya kila mabadiliko ya waya kwenye jenereta au swichi hiyo, zungusha mashine tupu kwanza uone upande. Uliza pia kama kuna kifaa cha kulinda mpangilio wa fezi. Si cha bei mbaya. Uliza pia mkono wa kuzungushia gurudumu unawekwa wapi, nani anaujua, na unachukua dakika ngapi kushusha viti vyote. Mpendekezee fundi mjaribu siku ya Jumanne uwanja ukiwa mtupu.

Vumbi la kiangazi cha Tabora nalo ni mfanyakazi, anasaga beringi usiku na mchana. Kabla ya kupachika bunduki ya grisi, futa chuchu ya kupitishia grisi kwa kitambaa. Usipoifuta unasukuma mchanga ndani kwa mikono yako mwenyewe. Pampu chache mpaka grisi ya zamani ianze kuchungulia, basi. Ukizidisha unatoboa sili (kizuizi cha grisi isitoke) au beringi inapata moto. Kwa treni ya watoto, fagia reli. Msimu wa maembe, kama kuna mwembe juu, embe moja lililopondeka kwenye kona linatosha kuitoa behewa ndogo njiani.

Betri za magari ya kugongana zichajiwe penye hewa, mbali na sigara, kwa sababu zinatoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa isome karibu 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 iko nusu.

Kasri la hewa wengi hulidharau kwa kuwa halina chuma, nalo ndilo upepo hulibeba. Kiwango cha Ulaya, EN 14960, kinataka vigingi visivyopungua 6 na kazi kusimamishwa upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kigingi kinachotumika sana ni cha chuma, urefu wa milimita 380 na unene wa 16, kikipigwa kwa mshazari, kichwa kikiegemea mbali na kasri. Ardhi ya kichanga ikikataa kushika, uzito utumike badala yake, na uhesabiwe. Kisulisuli cha Septemba na Oktoba hakipigi hodi. Mkikiona kinatembea na vumbi upande wa pili wa uwanja, watoto wanashuka kwanza, maswali baadaye. Vivyo hivyo pampu ya hewa ikizimika.

Getini usikatae, ila omba usimame kwenye geti la mashine, si dirisha la tiketi, na iwe zamu yenye mwisho. Pale kwenye kijiti cha kupimia kimo ndipo utakapoelewa kwa nini kizuizi cha kiti kimetengenezwa kilivyo. Kimo hakipimwi kwa ajili ya umri: mtoto mfupi hukaa chini ya kizuizi, nyonga zake hazishikwi, anateleza. Mama atakuambia "huyu wangu mkubwa, ana miaka minane." Mwoneshe kijiti, usibishane. Kama baada ya wiki mbili bado unakata tiketi tu, mwandikie mwalimu wako; barua ya chuo ilisema uhandisi.

Hijabu si tatizo. Iwe fupi au ile ya kuvuta kichwani, mwisho wake uingie ndani ya ovaroli, bila pini za mapambo. Mtandio unaoning'inia, dera na mikono mipana visikaribie shafti wala mkanda unaozunguka. Pete na bangili ziache nyumbani. Viatu viwe vya ncha ya chuma.

Daftari la chuo lisiandikwe "leo tumefanya ukaguzi wa mashine." Mwalimu hawezi kukupa alama kwa sentensi hiyo, na wewe mwenyewe mwezi ujao haitakusaidia. Andika saa, mashine, kifaa, kipimo, kilichofanyika, aliyefanya. Ukurasa wako wa kwanza unaujua tayari: kiti namba yake, pini, kipenyo pasiposuguana, kipenyo inapobeba, waya umetolewa, kota pini mpya ya saizi ya tundu, nani amefunga, nani amekagua.